Wafuasi 6,000, Wateja Wangapi?

Swali la msomaji:

"Natengeneza mikoba ya ngozi kwa mkono na kuiuza mwenyewe. Huu ni mwaka wa tatu niko Instagram, na ukurasa wa Facebook ninao pia. Wafuasi wamepita 6,000. Naposti kila siku, siku nyingine mara mbili. Watu wanalaiki, wanaweka makopa, lakini wanaonunua ni wachache, na wengi wakinunua mara moja siwaoni tena. Mwezi uliopita mteja aliandika chini ya picha kwamba mkanda wa mkoba wake umekatika baada ya wiki tatu. Niliogopa wengine wataona, nikaifuta ile komenti. Naomba uniambie ukweli: mitandao hii inajenga kweli uhusiano na wateja, au najichosha bure? Na je, nimwajiri kijana aniendeshee hizi kurasa?"

Jibu:

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipofuta komenti. Nitapazungumzia kwa kirefu, maana naona maswali yako yote mawili yanakutana hapo.

Kwanza nikujibu moja kwa moja. Inajenga. Kwa mtu anayeuza kazi ya mikono yake, bila bajeti ya matangazo na bila ofisi ya huduma kwa wateja, sijaona chombo kingine kinachomweka karibu na mnunuzi kiasi hiki. Ila uhusiano haujengwi na kuposti, unajengwa na kujibu. Posti inamfanya mtu asimame atazame. Akishasimama akauliza, akalalamika au akasifu, kinachofuata ndicho kinachoamua kama atakuwa mteja wako au atabaki mpita njia. Wewe nguvu zako zote umeziweka kwenye kumsimamisha, na anapofungua mdomo hakukuti.

Hizo laiki zisikuumize kichwa, wala zisikupe kiburi. Mwaka 2017 Leslie John wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili hili: mtu akilaiki ukurasa wa bidhaa, anabadilika? Waliona kwamba kule kulaiki peke yake hakumfanyi anunue zaidi. Mara nyingi aliyelaiki ni mtu ambaye bidhaa aliipenda tangu zamani. Laiki ni dalili, si dawa. Kwa hiyo wafuasi 6,000 hawakukudanganya. Walikuambia tu kwamba mikoba yako inapendeza machoni, na hilo ulikuwa unalijua.

Lakini wale watu si bure. Mwaka 1956, televisheni ikiwa bado ngeni majumbani, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya hali ya mtazamaji kujiona anamfahamu mtangazaji, anamzoea sauti na tabasamu, hata anamhesabu kama rafiki, ilhali mtangazaji hana habari naye. Ukaribu wa upande mmoja. Wafuasi wako wako hapo hapo. Wameona vidole vyako vikivuta uzi, wanajua meza yako ya kazi ilivyo, pengine wanajua hata siku ulipoumwa. Wanakujua. Wewe huwajui. Nusu ya uhusiano imeshajengwa bila wewe kutia jasho, na nusu iliyobaki mara nyingi inahitaji jibu moja tu lenye jina la mtu ndani yake. Televisheni haikuwa na uwezo huo. Simu yako inao, na hapo ndipo ilipo thamani yote ya mitandao kwa mtu kama wewe.

Sasa turudi kwenye ule mkanda.

Mwanauchumi Albert Hirschman aliwahi kueleza, mwaka 1970, kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kusema. Kuondoka ni rahisi na hakuna kelele. Kusema kuna gharama: zamani ilibidi uandike barua, upange foleni, ubishane na mtu wa kaunta. Ndiyo maana wengi walikuwa wanaondoka kimya kimya, na mwenye mali anabaki kujiuliza wateja wamekwenda wapi. Hao wateja wako wanaonunua mara moja wakapotea, sehemu yao ni hawa. Mitandao imeshusha gharama ya kusema mpaka karibu na sifuri. Maana yake, yule aliyeandika kwamba mkanda umekatika hakuwa ameondoka. Alikuwa bado anaongea na wewe. Angekuwa amekata tamaa asingejisumbua kuandika. Ulipofuta maneno yake ulimfungia njia ya kusema, ukamwachia ile nyingine.

Kisa cha Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, wengi wanakijua. Mwaka 2008 gitaa lake lilivunjika akisafiri na ndege za United Airlines. Julai 2009 akaweka wimbo wa malalamiko YouTube, ukatazamwa na mamilioni. Kisa hiki husimuliwa ili kuwatisha wafanyabiashara: ona mitandao inavyoweza kukuharibia! Mimi huwa naangalia kipindi cha katikati. Kabla ya kuimba, Carroll alikaa miezi kama tisa akifuatilia dai lake kwa njia za kawaida, anaelekezwa huku na kule, mwisho akaambiwa hapana. Miezi tisa mteja anabisha hodi! Wimbo ulikuja baada ya milango yote kufungwa.

Upande wa pili upo pia. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ilipotoa majivu na anga la Ulaya likafungwa, abiria walikwama kwa maelfu na simu za mashirika ya ndege zikazidiwa. Shirika la KLM la Uholanzi likaweka wafanyakazi wake kujibu watu Facebook na Twitter, swali kwa swali. Ndege hazikuruka haraka kwa ajili ya hilo. Lakini mtu aliyekwama alijua kuna mtu upande wa pili, na shirika lile likaendelea na huduma hiyo hata baada ya majivu kutulia.

Nami niseme nililoliona kwa macho yangu. Niliwahi kukaa dawati la huduma kwa wateja kwenye kampuni ya vifaa vya nyumbani. Tulipewa sentensi moja ya kubandika chini ya kila lalamiko: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, tafadhali wasiliana nasi inboksi." Siku moja niliibandika asubuhi nzima. Mama mmoja akanijibu: "Inboksi nimeandika siku tatu sasa. Mmesoma nilichoandika lakini?" Nikafungua inboksi. Ujumbe wake ulikuwepo, na picha mbili za jiko lililopinda mguu, na chini yake ujumbe mwingine wa usiku wa saa sita, neno moja: "Jamani." Lile neno sijalisahau. Nilipomwandikia mimi mwenyewe, nikataja mguu wa jiko na kumwambia fundi anakuja lini, alijibu kwa upole kabisa, kana kwamba hasira haikuwahi kuwepo. Hakuwa anataka radhi. Alikuwa anataka kujua kuna mtu amesoma.

Kwa hiyo chini ya ile picha ungeweza kuandika hivi: "Pole sana dada. Mkanda kukatika ndani ya wiki tatu haikupaswa kutokea. Nakuandikia inboksi sasa hivi nijue umekatikia kwenye mshono au kwenye pete. Kuutengeneza ni juu yangu."

Tazama maneno hayo yanavyofanya kazi. Kutaja mkanda na wiki tatu kunaonyesha umesoma. Kukubali kosa kunamaliza ubishi kabla haujaanza. "Nakuandikia" ni tofauti na "niandikie": mzigo wa kufuatilia umeubeba wewe, si yeye aliyekwisha kuumia. Na swali la mshono au pete ni swali la fundi. Anayesoma anajua anaongea na mtu anayeijua kazi yake. Mkishamalizana, rudi pale pale hadharani, uandike mstari mmoja kwamba mkanda umebadilishwa. Wengi wataiona ile komenti bila kuandika chochote, na hao ndio uliowaogopa. Wanachotafuta wanapoisoma ni kujua watatendewaje siku mkoba wao ukipata shida, kwa sababu kila mtu anajua kitu cha mkono kinaweza kuwa na dosari.

Lile swali la mshono au pete lina faida nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Ukiuliza hivyo kila mara na kuandika majibu, baada ya miezi michache utajua. Wateja watatu wakisema pete, tatizo si mshono wako, ni pete unazonunua. Viwanda vikubwa vinalipa watu kutafuta habari ya namna hii. Kwako inakuja yenyewe, bure, chini ya picha, nawe ukaifuta.

Matusi, vitisho, na mtu anayeanika namba ya simu ya mwingine, hayo futa bila kujiuliza. Lalamiko la kweli liache.

Jambo dogo linalokwenda na hili: bei. Ukiandika "bei njoo inboksi" unamlazimisha mtu ajitokeze kabla hajajua kama anakuweza. Wengi hawaji. Andika bei. Mmoja akiuliza ukubwa au rangi, mjibu hapo hapo hadharani, kwa sababu wapo wengine wenye swali hilo hilo wanaoona haya kuuliza.

Sasa wale wanaonunua mara moja wakapotea. Nakuuliza: ukiniambia nitajie watu 20 walionunua kwako mwaka huu, na kila mmoja alichukua mkoba gani, utaweza? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja nao ni hivyo hivyo. Huwezi kuwa na uhusiano na mtu usiyemkumbuka. Anza daftari leo, la karatasi ukipenda: jina, alichonunua, lini, alimnunulia nani, na neno moja alilosema. "Zawadi ya mama yake." "Anabeba kompyuta." "Hapendi zipu." Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakuruhusu kumwekea kila mteja lebo yenye rangi, kuweka katalogi ya bidhaa zako, na kuhifadhi majibu ya maswali yanayojirudia. Itumie, lakini lile neno moja liandike mwenyewe.

Kisha wiki mbili baada ya kuuza, mwandikie. Usimtumie picha za mzigo mpya. Muulize mkoba alionao: "Mkanda unakaa vizuri begani, au ni mrefu?" Ujumbe huo hauuzi kitu, na ndiyo sababu unajibiwa. Akisema mrefu, mwambie jinsi ya kuupunguza tundu moja. Baada ya hapo muulize kama angependa kupata habari ukitoa mtindo mpya. Akikubali mwandike kwenye orodha, akikataa mshukuru na usimsumbue tena. Ruhusa hiyo ina thamani kubwa, na ikitumiwa ovyo hairudi.

Ukifika hatua hiyo, usiwatupe wote kwenye kundi moja la WhatsApp ambako kila mtu anaona namba ya mwenzake. Hawajakupa ruhusa ya kuwatambulisha kwa wageni. Tumia orodha ya utumaji, ile ambayo kila mmoja anapata ujumbe wake peke yake. Ina masharti mawili: orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi wanaliona sharti la pili kama kikwazo. Mimi naliona kama kipimo bora kuliko idadi ya wafuasi, kwa sababu mtu hahifadhi namba ya muuzaji asiyetaka kumsikia tena.

Usiogope kwamba hutawamudu watu 6,000. Hutakiwi kuwamudu. Mtafiti wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria miaka ya 1990 kwamba mtu mmoja anaweza kushika uhusiano wa kweli na watu kama 150. Wapo wanasayansi wanaoipinga namba hiyo, lakini kwa kazi yako inatosha kama dira. Chukua walionunua na walioulizia kwa dhati, uwe na hao kwanza. Ukiwashika vizuri, watakuletea wenzao.

Kuna sababu nyingine ya kutaka orodha iliyo mikononi mwako. Ukurasa wako si shamba lako, umepangishwa. Facebook ilipoanzisha kurasa za biashara Novemba 2007, aliyefuata ukurasa alikuwa na nafasi nzuri ya kuona ulichoandika. Januari 2018 Mark Zuckerberg akatangaza kwamba posti za ndugu na marafiki zitapewa kipaumbele, na za biashara zitaonekana kidogo zaidi. Watu waliokuwa wamejenga kila kitu pale walijikuta wanaongea na ukuta. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja kwa saa kama sita. Mwenye namba za wateja kwenye daftari alipiga simu akaendelea na kazi.

Kuhusu muda wa kujibu, huna haja ya kukesha. Weka saa zako, mathalani asubuhi kabla ya kukaa mezani na jioni ukimaliza, na uweke ujumbe wa moja kwa moja unaosema utajibu saa ngapi. Halafu ujibu saa hiyo kweli. Mteja anavumilia kusubiri. Asichovumilia ni kutojua anasubiri mpaka lini. Kampuni kubwa zinazotumia mfumo mkubwa wa biashara wa WhatsApp zina saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja kumjibu kwa maneno yao wenyewe. Zikichelewa, zinabaki na violezo tu, yaani ujumbe uliotungwa na kuidhinishwa kabla. Nawe jiwekee saa hizo hizo 24 kama mwisho wa uvumilivu.

Na posti? Punguza. Tatu kwa wiki zinatosha, na muda unaobaki uhamishie inboksi. Ukikosa cha kuposti, fungua maswali uliyoulizwa wiki iliyopita na ujibu moja kwa video fupi: jinsi ya kusafisha ngozi iliyolowa, kwa nini mshono huu umepigwa mara mbili. Picha ya mteja akiwa na mkoba wako ina nguvu sana, ila muombe kwanza, hata kama ameiweka mwenyewe kwenye ukurasa wake.

Kila mwisho wa mwezi, kabla hujatazama wafuasi, hesabu waliorudi kununua mara ya pili, na waliokuja wakisema wameelekezwa na fulani. Hesabu pia ujumbe uliokaa zaidi ya siku nzima bila jibu. Hesabu mbili za kwanza zikipanda na hii ya tatu ikishuka, hujichoshi bure, hata wafuasi wakibaki 6,000 mwaka mzima. Wafuasi wa kununua usiwaguse. Hawana mkono wa kubeba mkoba.

Yule kijana, mwajiri kama una uwezo. Mpe picha, video, kuhariri, na kupanga siku za kuposti. Hayo yanakula muda wako na yeye pengine anayaweza kukushinda. Ukurasa wa Facebook unaweza kumpa mtu mwingine nafasi ya kuuhudumia bila kumpa nywila yako, kwa hiyo nywila baki nayo. Inboksi na malalamiko usimpe bado. Akae karibu na wewe miezi miwili ukijibu, aone unavyouliza mshono au pete. Siku ukimwachia, umwachie na mamlaka ya kutengeneza: aweze kusema "tunakubadilishia" bila kukupigia simu kwanza. Anayejibu bila uwezo wa kurekebisha ataishia kubandika ile sentensi ya usumbufu uliojitokeza.

Lakini kabla ya kijana, mtafute yule mteja wa mkanda. Aliponunua aliongea na wewe, basi oda yake iko inboksi, jina lake unalo. Mwandikie leo: "Dada, mwezi uliopita uliniandikia kwamba mkanda umekatika, nikafuta maneno yako badala ya kukujibu. Niliogopa, na haikuwa haki kwako. Naomba unitumie picha ya palipokatika, nikutengenezee mwingine." Anaweza asijibu, au akajibu kwa ukali, vyote pokea. Akikutumia hiyo picha, ikuze uangalie pete kwanza.